HAKI YA KUZALIWA NAYO NA HAKI YA KUANDIKWA

Somo la vikundi vya parishi

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Wafalme 21:1-19, Hesabu 27:1-7, Matendo 22:24-29



Wakati wa mavuno ya mpunga yaliyopita, mama mmoja mjane alitungoja nje ya kanisa baada ya ibada. Alitusalimu, tukaitikia, kisha akatueleza shida yake. Yeye na marehemu mume wake walilima shamba moja huku bondeni kwa zaidi ya miaka ishirini. Walilikuta pori la matete, wakalifyeka, wakatengeneza majaruba. Mume alipofariki, shemeji yake alikuja na kusema, "Shamba hili halina karatasi. Pasipo karatasi hakuna haki. Vuna ulichopanda, kisha urudi kwenu."

Mama yule akatuuliza, "Mwalimu, wewe umefundisha mpaka walimu. Je, ni kweli kwamba pasipo karatasi hakuna haki?"

Tulimjibu kwa haraka, "Mama, kwanza nenda ukatafute karatasi." Alitushukuru, akaondoka. Lakini usiku ule hatukulala vizuri. Tuliona kwamba tulikuwa tumemjibu sawasawa na shemeji yake, ila kwa sauti ya upole. Na tuliona sababu. Kwa miaka mingi, tulipofundisha somo la Siasa, ambalo baadaye liliitwa Uraia, tulikuwa tukiwaandikia wanachuo ubaoni kwamba haki ni kitu ambacho serikali humpa raia. Jibu hilo lina makosa, nalo huweza kumnyang'anya mtu shamba. Somo hili ni masahihisho yetu.

1. Neno lenyewe

Katika lugha yetu neno "haki" limebeba mambo mengi pamoja. Twasema "haki yangu", maana yake kitu ninachostahili. Twasema "hukumu ya haki", maana yake hukumu iliyo sawa, isiyo na upendeleo. Na katika Biblia twasoma habari za "mwenye haki", yaani mtu mwadilifu mbele za Mungu. Kwa hiyo Mswahili hawezi kudai haki yake bila kuulizwa kama yeye mwenyewe anatenda haki. Tulishike jambo hili, tutalirudia mwishoni.

Wataalamu wa sheria hugawa haki katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni haki za asili, yaani zile ambazo mtu huzaliwa nazo kwa kuwa ni mtu. Fungu la pili ni haki za kiraia, yaani zile ambazo mtu huzipata kwa sababu yeye ni mwananchi wa nchi fulani yenye katiba na sheria. Tuyatazame moja moja.

2. Haki za asili

Haki za asili ni kama uhai, uhuru wa mwili, dhamiri, na mazao ya jasho la mtu mwenyewe. Hakuna bunge lililozibuni. Sisi Wakristo tunajua chanzo chake: mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mtoto aliyezaliwa usiku wa leo katika nyumba ya nyasi, kabla hajapewa jina wala cheti cha kuzaliwa, tayari anayo haki ya kuishi. Anayemwua ni mwuaji, hata kama jina la mtoto halijaandikwa popote.

Mtu atauliza, "Tutajuaje kwamba haki hizo ziko juu ya sheria za nchi?" Jibu liko Unguja. Kwa muda mrefu sheria ya huko ilimhesabu mtumwa kuwa mali. Aliyemnunua mtu sokoni pale Mkunazini hakuvunja sheria yoyote ya nchi. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo Kanisa letu la Anglikana likaanza kujenga Kanisa Kuu la Kristo mahali pale pale. Hata hivyo hali ya utumwa ilitambuliwa na sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897, na katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Basi tujiulize: je, mtumwa wa mwaka 1870 hakuwa na haki ya uhuru? Alikuwa nayo. Sheria ndiyo iliyokuwa na makosa. Kama haki zote zingetoka serikalini, tusingekuwa na neno la kuwalaumu waliomwuza, maana walikuwa wamefuata sheria.

Nabothi wa Yezreeli anatufundisha jambo hilo hilo. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu. Nabothi alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Tazameni sasa jinsi Yezebeli alivyofanya. Hakutuma wanyang'anyi usiku. Aliandika barua na kuzitia muhuri wa mfalme. Wazee wa mji walikaa, mashahidi wawili wakasimama, hukumu ikatolewa. Karatasi ilikuwapo, muhuri ulikuwapo, baraza lilikuwapo; haki haikuwapo. Ndipo Mungu akamtuma Eliya. Kumbe yuko Mwamuzi anayesoma mambo yasiyoandikwa katika barua ya mfalme.

3. Haki za kiraia

Je, kama haki za asili zatoka kwa Mungu, katiba ni ya nini? Wako ndugu wanaosema kwamba Mkristo hana haja ya mambo ya katiba, yeye aombe tu. Hao na wamsome mtume Paulo.

Katika Matendo 22 jemadari aliagiza Paulo apigwe mijeledi ili aseme kosa lake. Paulo alikuwa na haki ya asili ya kutopigwa kabla ya kuhukumiwa, kama mtu mwingine yeyote. Lakini haki ile peke yake haikuuzuia mjeledi. Kilichouzuia ni swali lake kwa akida: je, ni halali kumpiga raia wa Rumi asiyehukumiwa? Mara ile waliotaka kumpiga wakaondoka, na jemadari mwenyewe akaogopa. Paulo hakuona aibu kuitaja haki yake ya kiraia. Baadaye aliitumia tena alipokata rufani kwa Kaisari.

Hapo twaona kazi ya haki ya kiraia. Haki ya asili ni kama mbegu, na haki ya kiraia ni kama ua uliozungushiwa shamba. Ua hauoteshi mbegu. Lakini shamba lisilo na ua, sisi wa bondeni tunajua ngiriwenge na viboko wanalifanya nini.

Twaona pia upungufu wake. Rumi ilimlinda raia, ikampiga asiye raia. Hata Marekani, mwaka 1776 walitangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, na huku wakiwa na watumwa mashambani. Utumwa ulikomeshwa katika nchi yote mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Haki ya asili ilitangazwa kwa maneno mazuri, lakini mtumwa hakuwa na mlango wa mahakama wa kubisha.

4. Jinsi haki zilivyoingia katika Katiba yetu

Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961 Katiba haikuwa na hati ya haki, yaani orodha ya haki za watu ambazo mahakama inaweza kuzilinda. Viongozi waliona kwamba nchi changa inahitaji umoja na maendeleo kwanza, na kwamba orodha hiyo ingeweza kuifunga serikali mikono. Katika Katiba za mwaka 1962 na 1965, na hata ile ya mwaka 1977 ilipotungwa, haki zilitajwa katika utangulizi, lakini mtu hakuweza kwenda mahakamani akiushika utangulizi. Mwaka 1962 ilitungwa pia sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1984. Bunge lilifanya mabadiliko ya tano ya Katiba, na Hati ya Haki ikaingizwa. Ilianza kutumika Machi 1985, lakini serikali ilijipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, ndipo mahakama zikaanza kusikiliza mashauri ya haki hizo Machi 1988. Leo tunazisoma kuanzia Ibara ya 12 mpaka ya 29. Tutaje chache, kwa maneno yetu wenyewe:

Ibara ya 12 yasema watu wote huzaliwa huru na ni sawa.
Ibara ya 13 yasema wote ni sawa mbele ya sheria, na asitendewe mtu kama mwenye hatia kabla ya kuthibitika.
Ibara ya 14 ni haki ya kuishi.
Ibara ya 15 ni uhuru wa mtu asikamatwe wala kufungwa ila kwa kufuata sheria.
Ibara ya 17 ni uhuru wa raia kwenda na kuishi popote katika nchi.
Ibara ya 18 ni uhuru wa maoni, na ya 19 ni uhuru wa dini.
Ibara ya 24 ni haki ya kumiliki mali, na kwamba mali isichukuliwe ila kwa idhini ya sheria inayoweka fidia inayostahili.

Ndugu msomaji, rudia Ibara ya 12. Katiba haisemi kwamba watu "watakuwa" huru kwa sababu Bunge limekubali. Yakiri kwamba wanazaliwa huru. Kwa maneno mengine, Katiba yetu yenyewe inashuhudia kwamba haki hizi zilitangulia Katiba.

Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, alilisema jambo hili waziwazi katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila. Alieleza kwamba haki za msingi si zawadi inayotolewa na dola; mtu anazo kwa kuzaliwa kwake, nazo zimeitangulia dola na sheria. Tunakiri kwamba wakati ule tulikuwa bado tunaandika ubaoni kinyume chake.

5. Shamba la Kambi ya Simba

Sasa turudi kwenye swali la mama mjane: je, pasipo karatasi hakuna haki? Swali hili lilikwisha kufika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na jibu lilitolewa tarehe 21 Desemba 1994.

Wengi wetu tunakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976. Watu walihamishwa kutoka mashamba ya mababu zao na kukusanywa vijijini, na mashamba yaligawiwa upya. Wako waliopata shule, maji na zahanati kwa njia hiyo. Wako pia waliopoteza mashamba. Huko Kambi ya Simba, upande wa Karatu, baba mmoja na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walifungua kesi mwaka 1987 kudai shamba lao la kimila. Wakashinda, wakarudi shambani. Serikali iliona kwamba kesi za namna hiyo zitavuruga vijiji. Basi mwaka 1992 ikatungwa sheria iliyofuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa, ikakataza fidia, na ikazuia mahakama zisisikilize mashauri hayo.

Baba na mwana hawakukubali. Walikwenda Mahakama Kuu Arusha kudai kwamba sheria hiyo inavunja Katiba, na wakasikilizwa. Serikali ikakata rufani. Hoja mojawapo ya upande wa Serikali ilikuwa kwamba haki ya kimila katika ardhi si mali ya namna inayolindwa na Ibara ya 24. Ndugu, angalieni: hiyo ni jamaa ya hoja ya shemeji.

Jaji Mkuu Francis Nyalali aliikataa. Alisema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kama isingekuwa hivyo, alieleza, wananchi walio wengi wangekuwa kama wavamizi tu katika nchi yao wenyewe. Akaeleza zaidi kwamba fidia si ya nyumba na miti ya kudumu tu. Mtu akiwa ametia jasho lake katika ardhi, jasho hilo nalo linalindwa. Na zile sehemu za sheria zilizofunga mlango wa mahakama zilitangazwa kuwa batili.

Tunaona, basi, kwamba jasho lilitambuliwa kabla ya karatasi. Mafunzo ya kesi ile yaliingia pia katika sheria za baadaye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yasema haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na haki miliki inayotolewa kwa hati ya Serikali. Karatasi tunayoiita hati ya haki miliki ya kimila ni ushahidi wa haki hiyo. Nayo ni ushahidi mzuri; hapa Kilombero, Ulanga na Malinyi vijiji vingi vilipimiwa na watu wakapewa hati hizo katika programu ya miaka ya 2016 hadi 2019. Aliyepata na aitunze. Asiyepata asidhani kwamba amekuwa mgeni katika shamba lake.

6. Mwanamke na shamba

Shemeji alikuwa na neno la pili. Alisema, "Hata kungekuwa na karatasi, ardhi ni ya ukoo, na mwanamke hupita tu."

Neno hili ni la zamani. Binti watano wa Selofehadi walilisikia. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na desturi iliwanyima sehemu. Hawakunung'unika kisimani. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Musa naye hakujibu kwa haraka kama tulivyojibu sisi. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wamenena vema. Sheria ikarekebishwa.

Katika nchi yetu jambo kama hilo lilitokea mkoani Kagera. Mama mmoja wa Kihaya alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alikwenda Mahakama ya Mwanzo akidai kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo, na mahakama hiyo ikamkubalia. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza. Mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na Hati ya Haki, na kwamba mwanamke anayo haki sawa na mwanamume. Hati ya Haki ilikuwa na miaka miwili tu tangu mlango wake ufunguliwe. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo ikasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Lakini tusiwadanganye wasomaji wetu. Mambo ya mirathi ya wajane bado ni magumu. Wajane wawili walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za mirathi zilizomo katika tangazo la sheria za mila la mwaka 1963. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Walikata rufani wasifanikiwe, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba haki zao zimevunjwa. Hapo twaona haki ya asili iko wazi, Katiba imekwisha kuitamka, lakini ua bado una tundu. Ndiyo maana Kanisa halina ruhusa ya kunyamaza. Pale sheria inapochelewa, dhamiri ya ukoo, na mahubiri ya Jumapili, havipaswi kuchelewa.

7. Mipaka, na haki ya mtu tusiyempenda

Je, haki hazina mipaka? Zinayo. Ibara ya 30 yasema kwamba mtu asitumie haki zake kwa namna ya kuvunja haki za wengine au maslahi ya umma. Sisi tunaokaa Mkula, chini ya milima ya Udzungwa, tunalifahamu jambo hili. Mwaka 1992 milima ile ilifanywa Hifadhi ya Taifa, na kuni ambazo mababu zetu waliziokota bila kumwuliza mtu zikawa jambo la ruhusa na makatazo. Misitu ile ndiyo yenye vijito vinavyonywesha mashamba yetu, na hifadhi ina sababu. Lakini mpaka wa haki lazima uwekwe kwa sheria, kwa sababu inayoeleweka, na si kwa matakwa ya mtu mmoja. Hiyo ndiyo tofauti ya mpaka na unyang'anyi.

Iko pia mipaka ndani ya mioyo yetu wenyewe, nayo ni mibaya. Tunapenda haki zetu, lakini haki ya mtu tusiyempenda hutuchosha. Tutoe mifano miwili.

Wa kwanza ni kijana aliyekamatwa na kuku wa watu. Mara nyingi tumesikia kelele za "mwizi!", na watu wazima, hata waliotoka kushiriki Meza ya Bwana, wakaokota mawe. Kijana yule Ibara ya 13 yasema si mwenye hatia mpaka ithibitike, na Ibara ya 14 yalinda uhai wake. Zaidi ya hayo, Mungu alimwuliza Kaini habari za damu ya ndugu yake. Anayemtupia kijana jiwe leo, kesho atatumia kinywa gani kudai haki ya shamba lake barazani?

Mfano wa pili ni mfugaji. Bonde letu lina Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wahehe, na watu wengi waliokuja kwa kazi ya miwa, kwa reli ya TAZARA, na kwa malisho. Ng'ombe wakila mpunga, hilo ni kosa, na mwenye shamba anastahili fidia. Lakini mfugaji kuwa mgeni wa kabila hili au lile si kosa. Ibara ya 17 inamruhusu raia kuishi popote nchini kwa kufuata sheria. Tushitaki tendo, tusishitaki kabila.

8. Tufanyeje?

Tulimtafuta yule mama, tukamwomba radhi kwa jibu letu la kwanza, kisha tukakaa naye pamoja na viongozi wa Umoja wa Akina Mama. Tunaandika hapa tuliyomweleza, ili yamfae na mwingine.

Kwanza, asiondoke shambani kwa kutishwa kwa mdomo. Neno la shemeji si hukumu.

Pili, shauri la mirathi lifunguliwe Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Wengi hupoteza mali kwa sababu hatua hii huachwa mpaka watu wamekwisha kugawana sufuria.

Tatu, akusanye ushahidi wa jasho: majirani wa mpakani waliowaona wakifyeka, mwenyekiti aliyewagawia kama yupo, risiti au daftari la michango lenye jina la mume au lake.

Nne, alifikishe jambo lake kwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina watu saba, na watatu kati yao wapaswa kuwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Asiporidhika, njia ya kwenda ngazi za juu iko wazi, wala hakuna mtu mwenye uwezo wa kumzuia.

Tano, asiende peke yake. Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wako wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Na parishi nayo ina watu wanaojua kusoma na kuandika. Kumwandikia mjane barua iliyo safi ni huduma, kama ilivyo kumchotea maji mgonjwa.

Mpaka tunapoandika haya, shauri lake halijakwisha. Hatusemi litakwishaje. Shemeji yake naye anasali nasi, na tunamwombea pia, kwa kuwa mtu anayenyang'anya anahitaji kuokolewa zaidi kuliko anayenyang'anywa. Tumemwambia yeye uso kwa uso kwamba Ahabu alilipata shamba, lakini hakuifurahia mizabibu.

Hitimisho

Ndugu wapendwa, tuyakusanye tuliyojifunza. Haki ya asili yatoka kwa Mungu. Hakuna anayeigawa wala anayeweza kuifuta. Haki ya kiraia ni kazi ya watu kuilinda ile ya kwanza. Yaweza kuwa nzima au yenye matundu, nasi tuna wajibu wa kuiziba. Yule asemaye "pasipo karatasi hakuna haki" amegeuza mambo: karatasi ndiyo iliyokuja kwa ajili ya haki. Na yule asemaye "haki yangu yatoka kwa Mungu, sihitaji Katiba" amesahau sauti ya Paulo mbele ya mjeledi.

Kila nyumba ya Kikristo iliyo na Biblia na Kitabu cha Sala, na ijitahidi kuwa na nakala ya Katiba pia. Imeandikwa kwa Kiswahili. Hata anayesoma polepole aweza kumaliza Ibara ya 12 mpaka ya 29 kwa jioni mbili.

Maswali ya majadiliano katika vikundi

1. Nabothi alihukumiwa na baraza lenye mashahidi. Ni nini kilichokosekana katika hukumu ile? Je, mabaraza yetu yanaweza kuingia katika kosa hilo?
2. Taja haki moja ambayo mtu angekuwa nayo hata kama nchi isingekuwa na Katiba, na nyingine ambayo asingekuwa nayo.
3. Katika ukoo wako, mjane hubaki na nini? Mbona ni hivyo?
4. Ni nani katika kijiji chako ambaye haki yake inakuwia vigumu kuitetea? Mwombee kwa jina kabla kikundi hakijaachana.

Tuombe

Ee Mungu mwenye haki, uliyemwumba kila mtu kwa mfano wako, utusamehe kwa kila mara tulipomjibu mnyonge kwa haraka. Uwape hekima waamuzi na wajumbe wa mabaraza yetu, uwalinde wajane na yatima wa bonde hili, na utupe sisi sote kuitenda haki kabla ya kuidai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.